Kompyuta ya Kikundi Imezeeka: Tununue Nyingine au Tuongeze Memori?

Somo hili lisomwe kikundini, kipande kwa kipande. Kama kijijini kwenu kuna kijana au fundi anayejua kompyuta, mwiteni aketi nanyi.



Mwaka 2024 nilihudhuria mkutano wa kikundi kimoja cha kuweka na kukopa. Ilikuwa Alhamisi alasiri. Wanachama walikuwa kwenye mabenchi chini ya mwembe, na sanduku la pesa katikati na kufuli zake tatu. Mama mmoja akasimama kuomba mkopo wa karo. Mwenyekiti akasema, "Katibu, hebu tufungulie kitabu cha mama, tuone deni lake la kwanza limefika wapi."

Katibu wa kikundi hicho ni mwalimu mstaafu. Miaka kadhaa sasa hawaandiki tena kwa daftari peke yake. Michango na mikopo yote imo ndani ya kompyuta iliyo nyumbani kwa katibu, hatua chache kutoka pale chini ya mwembe, na yeye huisoma kwa simu kupitia waifai ya nyumbani. Basi akafungua simu. Kitabu hakikufunguka. Akajaribu tena. Dakika kumi zikapita, na jua nalo linakwenda. Mama mmoja mzee akauliza kwa sauti ya chini, lakini sisi sote tulimsikia: "Mwalimu, kwani kitabu chetu kimeenda wapi?"

Siku hiyo mkopo haukutoka. Na lililokuwa baya zaidi ya mkopo ni maneno yaliyofuata njiani watu wakirudi nyumbani. Wengine walisema kompyuta ni mbovu. Wengine walisema si kompyuta, ni mwalimu anaficha hesabu. Wale waliopinga kompyuta tangu mwanzo wakasema, si tuliwaambia?

Wiki iliyofuata kamati ilikutana. Kijana mmoja alikuwa ameuliza bei mjini: kompyuta nyingine, iliyo bora kidogo, shilingi 48,000. Sanduku lilikuwa na pesa hizo, lakini pesa hizo ndizo za mikopo ya karo mwezi wa Januari. Ndipo nikaombwa nitazame ile ya zamani kwanza. Nawaandikia tuliyoyaona, pamoja na kosa nililolifanya mimi mwenyewe, maana najua vikundi vingi vina kompyuta kama hii.

Seva ni kitu gani?

Kompyuta ya kawaida mtu huketi mbele yake akafanya kazi. Seva hukaa pembeni ikiwaka, na kazi yake ni kuhudumia simu na kompyuta nyingine zinapoomba kitu. Haina haja ya kuwa kubwa. Ya kikundi hiki ilikuwa Dell OptiPlex 780, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2009. Ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo, zikaletwa hapa, na madukani huitwa ex-UK. Ilikuwa kwenye rafu sebuleni kwa mwalimu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa ili vumbi lisiingie. (Kitambaa hicho tulikiondoa siku ya kwanza. Kompyuta hupumua kwa feni. Ukiifunika inapata homa.)

Ndani yake mlikuwa na kitabu cha michango na mikopo, kumbukumbu za mikutano, picha za miradi, na maktaba ya Kiwix yenye Wikipedia ya Kiswahili, ambayo watoto wa jirani huisoma jioni bila kununua bando. Yote hayo kwa memori ya GB 2.

Memori ni meza, diski ni sanduku

Watu wengi huchanganya memori na diski, na wenye maduka nao wanafurahia mkanganyiko huo. Fikirieni katibu wenu na kazi yake. Vitabu vyote vya kikundi vimo sandukuni, na huko hukaa hata stima ikipotea. Hiyo ndiyo diski. Lakini katibu hawezi kuandika akiwa ameingiza mikono sandukuni. Hutoa kitabu, akakiweka mezani, akakifungua, akaandika. Meza hiyo ndiyo memori. Stima ikipotea, kila kilichoachwa mezani bila kurudishwa sandukuni kimepotea.

Sasa, meza ikiwa ndogo na vitabu vinavyotakiwa ni vingi, katibu anafanyaje? Anarudisha kimoja sandukuni ili apate nafasi ya kufungua kingine. Dakika moja baadaye kile cha kwanza kinatakiwa tena. Anainuka tena. Mwishowe mchana wote umekwisha kwa kuinuka na kuketi, na hajaandika kitu. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Kuna sehemu ya diski inayotengwa kupokea vitu vilivyokosa nafasi mezani. Mafundi huiita swapu. Swapu ikifanya kazi mara moja moja si neno. Ikifanya kazi kila wakati, kompyuta inatambaa, ile taa ndogo ya diski haizimiki, na wanakikundi wanaanza kunong'ona chini ya mwembe.

Kwa hiyo swali la kwanza si "tununue memori kiasi gani?" Swali la kwanza ni: nani amejaza meza?

Pimeni kabla ya kununua

Kompyuta ile ilikuwa na mfumo wa Linux, aina ya Debian. Iliwekwa na mwanafunzi aliyekuja kijijini kwa mazoezi ya kazi, halafu akamaliza muda wake akaenda zake. Hakuna aliyejua nywila ila mwalimu, naye alikuwa ameiandika nyuma ya kalenda. Afadhali nyuma ya kalenda kuliko kichwani mwa mtu aliyeondoka.

Kwenye Linux, andikeni free -h, mbonyeze Enter. Itatokea mistari miwili ya tarakimu. Hapa wengi hushtuka bure. Safu iitwayo free huonyesha kiasi kidogo sana, na mtu husema, "Memori imekwisha!" Sivyo. Linux ikiona meza ina nafasi, hutandaza pale vitabu ilivyovisoma karibuni, ili vikiulizwa tena visitafutwe sandukuni. Vitabu hivyo huondolewa mara moja nafasi ikitakiwa. Safu ya kutazama ni ile iitwayo available. Hiyo ndiyo nafasi inayoweza kupatikana kweli. Kisha mtazame mstari wa Swap, safu ya used.

Kwetu, katika GB 2 zilizokuwako, available ilikuwa MB 260, na swapu ilikuwa imemeza zaidi ya GB 1. Tukaandika tena vmstat 5, ambayo hutoa mstari mpya kila sekunde tano. Zipo safu mbili, si na so: kinachorudi kutoka swapu na kinachopelekwa huko. Zikikaa sifuri, meza inatosha, na matatizo yenu yako kwingine, msinunue memori. Za kwetu hazikukaa sifuri hata mara moja.

Halafu tukaandika top, tukabonyeza herufi kubwa M ili programu zijipange, mlaji mkubwa akiwa juu. Tukacheka. Kilichokula zaidi hakikuwa kitabu cha mikopo, wala picha, wala maktaba ya watoto. Kilikuwa ni ile sura ya kwenye skrini, madirisha na vitufe vya kubonyeza kwa kipanya, na kivinjari cha intaneti ambacho mjukuu wa mwalimu alikiacha wazi na kurasa kumi na moja. Seva isiyokuwa na mtu mbele yake ilikuwa inatumia karibu meza nzima kupamba skrini iliyozimwa.

Tuliiambia kompyuta isiwashe tena sura hiyo ikianza. Amri ni sudo systemctl set-default multi-user.target, na mkijuta, mnaandika graphical.target mahali pa multi-user.target, mnarudi mlipotoka. Tukaizima tukaiwasha. Kitabu cha mikopo kikafunguka kwa sekunde tisa. Hatujatumia hata shilingi.

Nasema wazi: kama kikundi kingekuwa na kitabu cha mikopo tu, ningewaambia tuishie hapo. Lakini jioni watoto wanane walipofungua maktaba pamoja, na huku katibu anaingiza michango, so ikaanza kupanda tena. Meza bado ilikuwa ndogo.

Kosa langu dukani

Nilienda mjini na ujuzi wangu wote. Nikaingia duka moja la vipuri, nikasema, "Nataka memori ya seva, DDR3, vipande viwili vya GB 4." Muuzaji akanipa, na bei ilikuwa ya chini hata nikajisifu njiani. Nilipovitia ndani vikaingia barabara, na kompyuta haikuwaka kabisa. Skrini nyeusi. Nikavitoa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli kama mafundi wafanyavyo, nikavirudisha. Weusi ule ule. Nikirudisha vipande vya zamani, inawaka.

Kumbe nilijiroga kwa neno langu mwenyewe. Kwetu ile ni seva kwa sababu ya kazi yake, lakini umbo lake ni kompyuta ya mezani tu. Seva kubwa za makampuni hutumia memori ya aina nyingine, yenye chipu ya ziada katikati, na kompyuta ya mezani haiielewi. Makampuni yanapotupa seva zao, memori hizo hujaa sokoni kwa bei rahisi, na ndizo nilizopewa. Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Alisema nimepewa nilichoomba. Ilinichukua safari mbili na maneno mengi akakubali kubadilisha.

Basi jifunzeni kusoma lebo ya memori, ili mjue mnachonunua hata kama muuzaji hajui. Lebo ya kipande tulichokihitaji husomeka hivi: 4GB 2Rx8 PC3-10600U.

PC3 maana yake ni DDR3. PC2 ni DDR2, na PC4 ni DDR4. Hizi hazibadilishani hata kidogo. Pengo lililokatwa kwenye meno liko mahali tofauti kwa kila aina, ili mtu asikosee. Kikikataa kuingia, msikilazimishe. Nimeona bodi iliyopasuliwa na fundi mwenye nguvu.

Herufi ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho. U ni ya kompyuta ya mezani. R ni ya seva kubwa. S ni ya laptop, na kipande chake ni kifupi. Herufi moja tu, U au R, na umerudi nyumbani na memori au na pambo.

Nayo 2Rx8? Kompyuta za umri huu hazipendi vipande vilivyobanwa, yaani GB 4 katika chipu nane tu. Zinataka GB 4 zilizogawanywa katika chipu 16, nane kila upande. Lebo yenye 2Rx8 ni ya chipu 16. Yenye 1Rx8 ni ya chipu nane, na katika OptiPlex 780 huenda isiwake au ikahesabu vibaya. Hesabuni chipu kwa macho mkiwa dukani, haina aibu.

Zaidi ya hayo, kila bodi ina mwisho wake. OptiPlex 780 ile yenye nafasi nne hupokea GB 16 kwa jumla, GB 4 kila nafasi. Ndugu yake wa zamani, OptiPlex 755, hutumia DDR2 na mwisho wake ni GB 8. Kitabu cha maelezo hupatikana bure kwenye tovuti ya Dell, na watengenezaji wengine nao wanavyo. Bila intaneti, andikeni sudo dmidecode -t memory. Itawaonyesha nafasi ziko ngapi, zipi zina kitu, na mwisho ni kiasi gani, ingawa tarakimu hiyo ya mwisho wakati mwingine hudanganya, kwa hiyo kitabu ndicho kishike.

Sisi tulinunua vipande viwili vya GB 4. Nane zilitutosha. Kujaza nafasi zote nne kwa sababu tu zipo ni kama kununua sufuria ya harusi kwa chai ya watu watatu.

Kabla ya kufungua bisibisi

Hapa simameni. Ikiwa mtasahau kila kitu katika somo hili, hili msilisahau: kompyuta isifunguliwe kabla nakala za vitabu hazijatolewa. Tulinakili kila kitu kwenye flashi mbili. Moja ikawekwa kwa mweka hazina, moja kwa mwenyekiti, nyumba tofauti. Halafu tukazifungua kwenye laptop ya mwalimu wa shule ya msingi kuhakikisha zinasomeka, kwa sababu nakala ambayo hujaifungua ni matumaini tu. Kisha katibu akachapisha salio la kila mwanachama kwenye karatasi, na karatasi hizo zikasomwa mkutanoni, kila mtu akaweka sahihi mbele ya jina lake.

Hilo la karatasi lilipendekezwa na yule mama mzee aliyeuliza kitabu kimeenda wapi. Lilimaliza manong'ono kuliko memori yoyote.

Kazi yenyewe ya kubadilisha memori ni fupi. Zimeni kompyuta, ondoeni waya wa stima ukutani, kisha bonyezeni kitufe cha kuwashia mara moja ili stima iliyobaki ndani iishe. Vueni sweta la nailoni. Shikeni chuma cha kasha kabla ya kushika kipande cha memori, maana mwili hubeba cheche isiyoonekana inayoweza kuua chipu, hasa wakati wa kiangazi. Fungueni vishikio viwili vya pembeni, kipande cha zamani kitainuka. Kipya kiingie wima, mkikisukuma pande zote mbili mpaka vishikio vifunge vyenyewe. Tulitumia nafasi hiyo pia kupuliza vumbi. Lilikuwa jekundu, na lingetosha kupandia sukuma wiki.

Memori iliyotumika isiaminiwe kwa macho. Ipo programu ya bure iitwayo Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya mfumo wowote. Iacheni usiku kucha. Ikitoa kosa hata moja, kipande kirudi dukani, kwa sababu memori mbovu hukosea tarakimu kimya kimya, na tarakimu za kikundi ni pesa za watu. Pataneni na muuzaji juu ya jambo hili kabla ya kulipa.

Diski, na mfumo wa biti 32

Tukiwa tumeshafungua, tulibadilisha na diski. Ya zamani ilikuwa ya kuzunguka, na kichwa chake kinapotafuta kitu hutumia kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde kila mara. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka. Hutafuta kwa muda ulio mdogo mara mia hivi. Mkiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na vmstat inaonyesha sifuri lakini kompyuta bado ni nzito, nunueni SSD kabla ya memori. Kwa kweli nikirudia kazi hii leo, ningeanza na hiyo.

Kwa kuwa diski ni mpya, mfumo nao uliwekwa upya, na hapo tukagundua jambo jingine. Ukiandika uname -m, kompyuta inajibu x86_64 kama mfumo wake ni wa biti 64, au i686 kama ni wa biti 32. Yetu ilijibu i686. Yule mwanafunzi aliweka mfumo wa biti 32 juu ya mashine inayoweza 64. Mfumo wa namna hiyo haufaidi memori nyingi vizuri. Windows ya biti 32 kwa mfano huishia GB 4, na kwa kweli huona tatu na kitu. Mkinunua GB 8 mkaziweka chini ya mfumo huo, mmenunua shamba mkalilima nusu. Amri lscpu itawaambia kama mashine yenyewe inaweza 64. Mambo haya yamekuwa mazito zaidi tangu Agosti 2025, kwa sababu Debian 13 iliyotoka mwezi huo haitoi tena diski ya kusakinisha kwa mashine za biti 32. Wanaotumia Windows 10 nao, msaada wake wa kawaida ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huu hazitimizi masharti ya Windows 11. Kwao Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kuitumia mashine kwa usalama.

Jambo dogo lililotushangaza: betri. Kuna betri bapa kama sarafu kwenye bodi, CR2032, inayoshika saa na tarehe kompyuta ikizimwa. Ya kwetu ilikuwa imekufa. Ndiyo maana mikopo michache ilionekana imetolewa miaka mingi kabla ya kikundi kuzaliwa! Wale walioshuku mwalimu walikuwa wameziona tarehe hizo. Betri ile huuzwa hata kwa mtengeneza saa.

Gharama zote, memori mbili, SSD na betri, zilifika shilingi 6,300 kwa bei za wakati ule. Msizichukue kama bei za leo. Memori, hasa zile mpya, zilipanda sana mwishoni mwa mwaka 2025.

Nani analipa stima?

Hili halikuwa katika ajenda, lakini mke wa mwalimu alilileta pamoja na chai. Alisema tokeni zinaisha mapema siku hizi na hakuna anayeuliza kwa nini. Tukapiga hesabu. Kompyuta kama ile ikiwaka bila kazi nyingi hula wati 60 hivi. Wati 60 kwa saa 24 ni yuniti 1.44 kwa siku, yaani kama yuniti 43 kwa mwezi. Miaka yote hiyo mzee na mama walikuwa wakizilipa peke yao, na juu yake wakiitwa wezi wa kitabu.

Mkitaka kujua ya kwenu, zimeni vitu vyote jioni moja, someni mita, acheni seva peke yake kwa saa chache, msome tena. Sisi tuliamua seva iwake saa mbili asubuhi na kuzimika saa kumi na mbili jioni, isipokuwa siku za maktaba ya watoto. Mashine hizi zina mpango ndani yake wa kujiwasha kwa saa iliyowekwa. Saa kumi kwa siku ni yuniti 18 kwa mwezi, na kikundi kinazilipa.

Na hapa ndipo pia penye mpaka wa kukarabati. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi 4 hufanya kazi hiyo hiyo kwa wati tano hivi, chini ya yuniti nne kwa mwezi hata ikiwaka usiku na mchana. Kama mashine yenu ni ya biti 32 tu, au bodi yake inaishia GB 2, au mnatumia sola, msitie pesa humo. Wekeni akiba polepole mnunue ndogo. Lakini kama inapokea GB 8 na bodi ni nzima, bado ina miaka ya kufanya kazi.

Diski ya zamani ilibaki mezani, na kijana mmoja akasema anaweza kuiuza shilingi mia tano. Katibu akakataa. Ndani mlikuwa na majina, nambari za vitambulisho na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde. Kufuta mafaili kwa kawaida hakutoshi, yanaweza kufufuliwa. Tuliitoboa kwa msumari na nyundo mbele ya kamati, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Vile vipande viwili vya GB 1 tulivitia katika bahasha, vikabaki na kompyuta. Siku ya matatizo vitasaidia kujua kama ubaya uko kwenye memori au kwingine.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Vitabu vyenu vya kikundi viko wapi sasa, na vikipotea usiku wa leo mtaanzia wapi?

2. Ni watu wangapi wanaojua nywila ya kompyuta yenu? Mmoja akihama au akifariki, itakuwaje?

3. Someni free -h na vmstat 5 mara mbili: wakati wa kazi kidogo, na wakati watu wengi wanaitumia. Mmeona tofauti gani?

4. Kompyuta inakaa nyumbani kwa nani, na nani analipa stima yake?